Manyoya Huanzia Mgongoni

Wanangu, nina neno la nyumbani kabisa, na nitalisema taratibu, maana nimelisema kwa wazazi wenu wakaitikia kwa adabu kisha wakaenda zao, na sasa ni zamu yenu kuitikia. Neno lenyewe ni manyoya: ya mbwa kwenye kochi, ya paka kwenye foronya, ya mbuzi kwenye mkeka wa mtoto, na vile vinyoya vya kuku vinavyoelea mpaka juu ya sufuria.

Miaka nenda miaka rudi naona jambo lile lile hapa Mvumi, Dodoma. Krismasi ikikaribia, ndugu wakianza kupiga simu kwamba wamekata tiketi, kila nyumba inashika ufagio. Makochi yanatolewa nje na kupigwa fimbo, mapazia yanafuliwa, mbwa anafukuzwa kwa jiwe, paka anatolewa kwa kushikwa shingo. Nyumba inang'aa siku tatu nne. Wageni wakishapanda basi, mbwa anarudi kwenye kochi, paka anarudi kwenye mto, na kabla mtama haujatoa masuke mwenye nyumba amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anasema wanyama hawa wamemshinda.

Hawajamshinda, mwanangu. Unyoya una umri wake. Ukikomaa hutoka, mwingine ukaota mahali pake, na katika sehemu yetu hii isiyojua theluji kazi hiyo haina msimu. Huendelea mwaka mzima, kidogo kidogo, usiku na mchana. Mbwa hawezi kuuzuia, wala hajui kama umetoka. Mwenye kazi ni wewe, na kosa lako ni moja tu, tena la kusameheka: unasubiri manyoya yafike sakafuni ndipo uyatafute.

Usafi wa manyoya huanzia mgongoni mwa mnyama, na pale anapolala. Hilo ndilo neno langu lote. Yanayofuata ni kulifafanua tu, kwa kuwa jungu kuu halikosi ukoko, na ukoko wangu ni huu.

Sisi tulizaliwa ndani ya tembe. Kuta za miti na udongo, paa la bapa la udongo vilevile, vyumba vimeuzunguka ua wa ng'ombe. Ndama na vitoto vya mbuzi walilala ndani, kwa kuogopa fisi na baridi ya mwezi wa saba. Watu wa mbali wakisikia hivyo wanakunja uso, wanadhani tuliishi ndani ya manyoya. Lakini tembe ya mama mwenye bidii ilikuwa na mpaka wake. Ndama walikuwa na upande wao, watu upande wao, na vilindo vya nafaka mbali na wote. Sakafu ilisiribwa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe mpaka ikawa laini, na unyoya ukianguka juu ya sakafu laini haukai, ufagio unaukusanya wote kwa mkupuo mmoja. Ngozi ya kulalia ilitolewa nje asubuhi, ikakung'utwa, ikaachiwa jua la nchi yetu ya Ugogo lifanye kazi yake. Hatukuwa na kitu chochote cha kuyashika manyoya. Ndiyo siri ya usafi wetu ule, na haikuwa siri kubwa.

Halafu mambo yakabadilika, tena kwa haraka. Mwaka 1971 ilikuja Operesheni Dodoma, watu wakahamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1973 tukakusanyika kwa vikundi kuzunguka redio, tukasikiliza kampeni ya Mtu ni Afya. Walijiunga watu wazima wapatao milioni mbili nchi nzima. Tulifundishwa habari za malaria, minyoo, kuhara, kichocho na kifua kikuu, na vyoo vingi mlivyovikuta mlipozaliwa vilichimbwa wakati huo. Mwaka huohuo ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule tuliouita HADO, na mwaka 1986 ukafika kwetu kwa uzito wake: ng'ombe, mbuzi na kondoo wakaondolewa Mvumi ili ardhi iliyochimbika makorongo ipate kupumua. Mazizi yakakauka. Mbwa, paka na kuku wakabaki, na kwa kuwa hakukuwa tena na ndama wa kulinda wala ua wa kulala, waliingia taratibu mpaka chumbani, na hakuna aliyewauliza wanakwenda wapi.

Nasi tulikuwa tunabadilisha chumba hicho. Udongo ukawa tofali, paa la tembe likawa bati, mkeka ukawa zulia, kigoda kikawa kochi la vitambaa vyenye nywele nywele. Mnaona tatizo lilipoanzia? Mnyama ni yuleyule, manyoya ni yaleyale, ila sasa tumeyatandikia. Unyoya mfupi na mgumu wa mbwa wetu wa kienyeji hujichoma ndani ya kitambaa, ukawa mgumu kung'oka kuliko hata ule mrefu. Unyoya mrefu nao huviringika na vumbi chini ya kitanda, ukatengeneza mpira mwepesi unaokimbia kila mlango ukifunguliwa. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nasikia wajukuu zangu walioko mjini, Nkuhungu na Kisasa, wananunua mbwa wa manyoya marefu, wa nchi za baridi, na kumlaza sebuleni chini ya feni. Mpendeni, hamjakosea. Ila mjue mmenunua na kazi yake, na muuzaji hakuitaja alipotaja bei.

Nikiyasema haya, kuna methali narushiwa mara moja: bibi, ukipenda boga, penda na ua lake. Sawa. Nalipenda boga na ua lake pia. Lakini hata majani ya maboga tunayoyapenda, nani kati yenu huyatia chunguni kabla ya kuyamenya nyuzi? Unalivuta shina, nyuzi zinatoka, unaziweka kando, ndipo mboga inakuwa laini. Mnyama naye yuko hivyo. Kumpenda hakukatazi kumtoa nyuzi.

Sasa tuzungumze juu ya gharama, kwa sababu mali bila daftari huisha bila habari, na manyoya yana daftari lake.

Tuanze mezani. Ugali wa uwele ukiwa umesongwa vizuri na mlenda umeiva, hakuna Mgogo asiyesogea. Mlenda una tabia yake: unateleza, unavutika, una rangi ya kijani iliyokolea, na unyoya ukiingia humo hauonekani kabisa. Mgeni anamega tonge, anachovya, anapeleka mdomoni, halafu anasimama kutafuna. Unauona ulimi wake ukitafuta. Anainua vidole viwili, anavuta taratibu, na kile kitu kinakuja kirefu, kimevaa mlenda, mbele ya watu wote. Hatasema neno, maana amelelewa. Atanawa, atakuambia ameshiba. Mwanangu, mgeni aliyeshiba kwa tonge moja amekuaga, na hutajua ni lini atarudi.

Halafu viroboto. Kiroboto mkubwa mnayemwona akiruka mgongoni mwa mbwa ni mmoja tu wa ukoo. Ukoo wenyewe uko chini. Jike hutaga mayai juu ya mnyama, lakini mayai hayagandi, huanguka popote mnyama anapojikuna, na hasa anapolala. Yanaanguliwa vijidudu visivyopenda mwanga, vinajificha ndani ya vumbi na manyoya, vinakula uchafu wa damu kavu iliyodondoka kutoka kwa viroboto wakubwa. Kisha vinajifunga ndani ya kifuko, na humo vinaweza kungoja miezi. Vinaamshwa na mtikisiko wa hatua, joto la mwili na pumzi. Ndiyo maana mtu anafunga nyumba, anakwenda msibani mwezi mzima, anarudi, anafungua mlango, na miguu yake inashambuliwa kabla hajaweka begi chini. Atasema amerogwa. Hakurogwa. Alifunga mlango akaacha gunia la mbwa chini ya meza.

La tatu ni kubwa zaidi, na hapa Mvumi hatuna haki ya kulisahau: papasi. Kweli isemwe ilivyo, papasi haletwi na manyoya. Makao yake ni ndani ya nyufa za sakafu na kuta za udongo. Mchana anajificha, usiku anatoka, anakunywa damu ya aliyelala, na kabla hakujapambazuka amesharudi kwenye ufa. Hana haraka; anaweza kukaa miaka bila chakula akakusubiri. Homa yake inakuja kwa kishindo, inakaa siku chache, inaondoka, mtu anashukuru Mungu na kushika jembe, halafu inarudi, na kurudi tena. Daktari Joseph Dutton kutoka Uingereza aliichunguza homa hiyo huko Kongo, nayo ikamuua mwaka 1905. Kimelea cha homa hiyo kikapewa jina la daktari huyo. Kwa watoto wachanga na kina mama wajawazito ni homa mbaya sana, na wakunga wazee wa huku wanajua mimba ngapi zimeharibika bila mtu kutaja papasi.

Mvumi yetu imo katika vitabu vya waganga kwa ajili ya mdudu huyu. Mwaka 1998 zilichapishwa habari za nyumba za huku zilizopuliziwa dawa ya kuua papasi, na watoto wa chini ya miaka mitano katika nyumba hizo wakapungua kuugua. Mwaka 2007 watafiti wengine wakaandika kwamba vimelea vya jamii hiyo walivikuta katika damu ya kuku na nguruwe wa huku kwetu. Ninayataja haya kwa sababu moja. Papasi na manyoya hawana undugu, ila wana anwani moja. Pale manyoya yanapokusanyika, kwenye ufa, nyuma ya kabati, chini ya kitanda ambako kuku hutagia, ndipo ufagio haufiki. Na ufagio usipofika, papasi anakaa kwa amani. Kwa hiyo manyoya ni mpelelezi wako wa bure. Yafuate uone yanakwenda kulala wapi, kisha leta udongo uliopondwa vizuri, au saruji kama Mungu amekujalia, uzibe. Usipoziba ufa utajenga ukuta: wazee waliosema hivyo walikuwa wamelala kwenye nyumba zenye nyufa.

Lipo na la kifua. Mtoto anakohoa usiku, macho yanawasha, pua inatiririka bila mafua, na mama anabadilisha dawa ya kikohozi kila wiki. Kinachomsumbua mara nyingi si unyoya wenyewe. Ni mate ya paka na vigamba vidogo vya ngozi vilivyoshikamana nao. Paka hujilamba kutwa, mate yanakauka juu ya manyoya, yanakuwa vumbi jepesi lisiloonekana, linapanda hewani na kukaa kwenye pazia na godoro. Hata paka akihamishwa, vumbi hilo hubaki miezi. Mwenye mtoto wa pumu asiulizwe maswali mengi wala kuchekwa: paka asiingie chumba cha mtoto, basi, na mlango ubaki umefungwa hata akilia nje. Paka hulia akazoea. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na hapo mwana ninayemsema ni yule mwenye pumu.

Na kuna kunyonyoka kusiko kwa kawaida. Manyoya yakitoka na kuacha magamba, vidonda, ngozi nene inayonuka, na mbwa anajikuna mpaka analia, huo ni upele wa mbwa. Kitoto cha paka chenye viduara visivyo na manyoya kichwani kinaweza kuwa na mapunye, na wiki zijazo utayaona kwenye vichwa vya watoto waliomkumbatia. Hapo kuchana hakutoshi. Mwite afisa mifugo, na akija mwombe pia chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hurudiwa kila mwaka. Na nawasihi, acheni kumpaka paka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nimeona yakifanyika na nimeona mwisho wake: paka hujilamba, dawa inaingia tumboni, anatetemeka, anakufa. Mlitaka kuokoa kochi, mkapoteza mlinzi wa mtama.

Hayo ndiyo yaliyomo kwenye daftari. Sasa kazi yenyewe, nayo ni nyepesi kuliko mnavyoogopa, wala haihitaji maji mengi. Najua dumu la maji hapa ni la kununua na mwezi wa kumi bei yake inapanda.

Kwanza, mpe mnyama kitanda chake. Gunia kuukuu lililokunjwa mara mbili linatosha, mahali pamoja, pakavu, penye kivuli, barazani au jikoni pembeni. Mnyama ni mtu wa mazoea. Akishajua kwake ni wapi, na akikuta kwake kuna ulaini kuliko sakafu, nusu ya vita vyako imekwisha, kwa maana manyoya mengi hudondoka pale anapolala. Mara moja kwa wiki litoe lile gunia mbali na nyumba, likung'ute, ulianike juani mpaka jioni, upande huu na upande ule. Jua letu halijawahi kudai malipo.

Mnaolaza mbwa kitandani mnajua ninyi mnachokitafuta, na sitawagombeza, upweke ni mzigo. Ila muwekeeni hata shuka lake juu ya shuka lenu, mlitoe kila asubuhi.

Pili, mchane. Mchane nje, chini ya mti, jioni jua likishapungua. Angalia upepo unatoka wapi kwanza. Upepo wa Dodoma mwezi wa nane haumheshimu mtu, ukikaa vibaya manyoya yote yanarudi ndani kupitia dirishani. Mbwa wa manyoya mafupi muanzie na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Kikate upana wa kiganja, ukivute mgongoni kuelekea mkiani, bila kumkwaruza. Mpira huyavuta manyoya yaliyokwisha kufa na kuyaacha yaliyo hai. Utashangaa. Mbwa uliyedhani ameisha manyoya atakupa konzi nzima, na kesho yake nusu konzi, na wiki ijayo kidogo tu. Wa manyoya marefu anataka chanuo la meno mapana, tena anzia ncha uje kwenye mzizi, maana ukianzia juu utamuumiza na mara nyingine atakimbia akikuona umelishika. Paka mchukue akiwa ameshiba. Haba na haba hujaza kibaba: dakika chache mara mbili tatu kwa wiki hushinda siku nzima ya fimbo na kelele mwezi wa Desemba. Yale yaliyotoka yazike au yachome. Ukiyaacha uani, ndege watachukua ya viota na upepo utakurudishia yaliyobaki.

Tatu, tazama sahani yake. Mbwa anayekula ukoko mtupu siku zote ngozi hukauka na manyoya hutoka ovyo, hayana mng'ao. Mchanganyie dagaa kidogo, mafuta kidogo yaliyobaki kwenye kikaango, maji safi ya kunywa. Na usimwogeshe kila siku kwa sabuni ya unga ukidhani unaondoa manyoya. Sabuni hiyo inamkausha, anajikuna, na kila akijikuna anamwaga mengine.

Nne, kochi livalishe. Kitenge kilichochakaa au shuka juu ya kochi, linaloondolewa na kukung'utwa nje, hukuokolea kitambaa chenyewe. Yaliyokwisha kuzama yatoe kwa ule ule mpira wa baiskeli uliolowanishwa kidogo, au kwa kiganja chenye unyevu. Vuta upande mmoja tu, usisugue huku na huku, nayo yataviringika yakaja kama uzi. Nguo zikung'ute zikiwa kavu kabla ya kuziloweka. Unyoya mkavu hudondoka, uliolowa hushikilia, na ukishazama ndani ya beseni utahama kutoka suruali ya baba mpaka kwenye sare ya mtoto.

Tano, sakafu. Usifagie pakavu. Ufagio mkavu hurusha manyoya juu, yanakaa hewani, na ukishamaliza kujisifu yanashuka tena polepole juu ya meza. Nyunyiza maji kwa ncha za vidole, kiasi kile unachotia kwenye unga ukianza kukanda, subiri kidogo, ndipo ufagie kutoka ndani kwenda nje. Chini ya kitanda kwanza, katikati ya chumba mwisho. Wengi hufanya kinyume, hufagia panapoonekana. Kwenye saruji pitisha tambara bichi baadaye, na nusu ndoo itatosha nyumba nzima.

Sita, jikoni na kwenye nafaka pawe na mpaka usiojadiliwa. Paka alinde ghala la mtama kwa nje, asilale juu ya unga. Kuku wajengewe banda lao, hata la miti na matope, wasitagie chini ya kitanda. Vyombo vifunikwe. Ndugu zetu Waislamu hufundishwa kuosha mara saba chombo kilicholambwa na mbwa, mojawapo kwa udongo, na ukizitazama nyumba zao utaona kwamba wanaojua mpaka uko wapi hawahangaiki sana kufagia.

Nimesikia mkisema hamna muda. Nawaamini. Mama anaamka alfajiri kufuata maji, baba yuko kwenye zabibu, mtoto yuko shule, na jioni kila mtu amechoka. Mnyama ndiye wa mwisho kukumbukwa na wa kwanza kulaumiwa. Ndivyo tulivyo. Binadamu hupenda kitu kizima kisha husahau matunzo yake, na hilo halikuanza na ninyi. Babu zenu waliwapenda ng'ombe mpaka ardhi ya Mvumi ikachimbika, ikabidi serikali ije iwatenganishe. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na mapenzi yasiyo na mpaka, na gharama yake tuliilipa sisi sote, wenye ng'ombe na wasio nao. Nyumbani nako ni hivyohivyo kwa kipimo kidogo: unyoya mmoja haumdhuru mtu, kochi moja si msiba, lakini kitu kinachoachwa kila siku bila mpaka huja kudai siku moja kwa jumla, na hudai kwa aliye mdogo, kwa mtoto wa mkekani na kwa mjamzito aliyelala karibu na ufa.

Kwa hiyo msingoje Desemba. Mpeni mtoto mmoja kazi hii iwe yake, yule anayempenda mbwa kuliko wengine, maana yeye hataiona kuwa adhabu. Mwonyesheni mara moja namna ya kuvuta mpira, mwacheni afanye. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyezoea kumchana mbwa akiwa na miaka minane atakuwa na nyumba safi akiwa na arobaini, na hatahitaji bibi wa kumkumbusha. Ikitokea mmepitiwa wiki mbili, na mtapitiwa, msianze kwa kumfukuza mbwa kwa jiwe wala kupindua makochi. Chukueni gunia lake mlianike. Mwiteni jioni, mchaneni. Kesho yake zibeni ufa mmoja. Sakafu itafuata yenyewe, na mgeni akija bila taarifa mtamwambia karibu ukae, bila kwanza kukipangusa kiti.